Jibu: Wino mweusi unafifia katikati ya ukurasa

Yaya, umesema ukishajaza wino kwa sindano kwenye katriji (kile kikasha cha wino), printa inaanza vizuri halafu maandishi yanafifia nusu ukurasa. Usihangaike na kichwa cha katriji (sehemu inayotoa wino) kwanza. Angalia tundu dogo la hewa juu ya katriji, lililofunikwa na lebo. Ukiliziba kwa skochi (utepe wa gundi), hewa haiingii na wino hauteremki. Lizibue kwa pini. (Mimi nilitupa katriji mbili nzima kabla ya kulijua hilo!)

Kama ingekuwa mistari myeupe tangu mwanzo, ningesema wino umekauka. Kiangazi cha hapa Lubumbashi kinakausha kila kitu. Hapo unaegemeza kichwa cha katriji kwenye tishu yenye maji ya vuguvugu dakika chache, bila kusugua.

Ila usichapishe katriji ikiwa tupu: zile zinazosukuma wino kwa joto huungua.