Kabla ya kusema kani ni hifadhi, izungushe kwanza

Kwa muda mrefu nilijiona nimezielewa kani hifadhi. Nilikuwa nimekariri kwamba kazi ya kani hizo (nishati ambayo kani inatoa au kuchukua kitu kikisogea) haitegemei njia, inategemea mwanzo na mwisho tu, na kila nilipoandika hivyo kwenye mtihani nilipewa alama. Halafu nikaulizwa swali la kitoto: sanduku limesukumwa mita 3 sakafuni, kisha likarudishwa lilipokuwa. Msuguano ni nyutoni 10. Je, msuguano umefanya kazi kiasi gani? Nikajibu bila kusita: sifuri, kwani sanduku limerudi mahali pake.

Jibu ni juli 60, hasi. Wakati wa kwenda msuguano ulipinga, hasi 30. Wakati wa kurudi uligeuka ukapinga tena, hasi 30 nyingine. Mimi nilikuwa nimezidisha kani kwa umbali ulionyooka kati ya mwanzo na mwisho, na huo ulikuwa sifuri. Njia hiyo ya mkato inafaa pale tu ambapo kani haibadili ukubwa wala mwelekeo safari nzima. Msuguano ulibaki na ukubwa uleule, lakini mwelekeo wake unamtazama msafiri: anakokwenda, wenyewe unamvuta nyuma.

Linganisha na uvutano. Pandisha mzigo wa kilo 2 hadi mita 5 juu, kwa ngazi, kwa mteremko mrefu au kwa kuzungukazunguka hadi uchoke. Uvutano utakutoza juli 98, na mzigo ukishuka utazirudisha zote 98. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi siku hizi nauliza: amerudi ngamani na deni, au bila deni?

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuizungusha kani. Chora njia yoyote inayojifunga, jumlisha kazi hatua kwa hatua. Mzunguko mmoja usioleta sifuri unatosha kuikataa. Mmoja ulioleta sifuri hauthibitishi kitu, maana sharti ni mizunguko yote.

Ukilishika hilo, utaona pia nishati ya mahali (ile ambayo kitu kinayo kutokana na mahali kilipo) inatoka wapi. Kama njia haina maana, basi kila nukta inaweza kupewa namba yake, na kazi ikawa tofauti ya namba mbili. Msuguano haukubali. Sanduku lilirudi kwenye nukta ileile likiwa na deni la juli 60, kwa hiyo nukta hiyo ingehitaji namba mbili, na kesho tatu.

Mtego wa pili uliniumiza zaidi. Nilidhani kani ikitegemea mahali tu, isijali kasi wala muda, basi ni hifadhi. Kwenye mstari mmoja ulionyooka ni kweli. Ukiongeza upande wa pili, si lazima. Chukua kani inayosukuma kuelekea kulia tu, yenye nyutoni nyingi sawa na mita ulizopanda: chini kabisa haipo, mita 1 juu ni nyutoni 1. Zunguka mraba wa mita 1 kuanzia kona ya chini kushoto. Kwenda kulia chini, sifuri. Kupanda, sifuri, kwa sababu kani imelala na wewe unakwenda wima. Kurudi kushoto ukiwa juu, hasi juli 1. Kushuka, sifuri. Jumla ni hasi 1. Geuza uzunguke upande wa pili, unapata juli 1 ya bure kila mzunguko! Kani ya namna hiyo haiwezi kupewa namba za mahali.

(Kani ya sumaku kwa chaji inayotembea, yaani chembe yenye umeme, iweke pembeni. Daima inaukata mwendo kwa pembe mraba, kazi yake ni sifuri kila mara, na inategemea kasi. Sifuri yake haina maana ile tunayoitafuta hapa.)

Usiseme pia kwamba kani ya umeme ni hifadhi ukaishia hapo. Ya chaji zilizotulia ni hifadhi, ndiyo maana tunazungumzia volti kati ya nukta mbili. Lakini uga wa umeme (eneo ambamo chaji inasukumwa) unaozaliwa na sumaku inayobadilika, jambo ambalo Michael Faraday aligundua mwaka 1831, unazunguka wenyewe, na chaji ikimaliza mzunguko wa waya inakuwa imeongezewa nishati. Kama uga huo ungekuwa hifadhi, jenereta ambayo sumaku yake inazunguka isingetoa hata juli moja.