Mkuu, futa hiyo ½mv² sasa hivi

Weka kalamu chini kwanza. Unasema elektroni yako ina nishati mwendo ya MeV 1 (MeV ni kipimo cha nishati), unatafuta kasi yake, na utatumia ½mv², fomula ya Newton ya nishati mwendo, ila "utaweka ile masi iliyoongezeka" kwa sababu ya kasi. Hapo ndipo nilipozikwa mimi. Ya fotoni, chembe ya mwanga, tutayaona baadaye.

Ukitumia ½mv² kavu, na masi ya elektroni ni MeV 0.511 (yaani mc² yake, masi ikihesabiwa kama nishati), unapata karibu mara mbili ya kasi ya mwanga. Hilo halina madhara, hata aliyesinzia ataona ni upuuzi. Balaa ni hiyo masi iliyonenepeshwa: inakupa 0.97 ya kasi ya mwanga. Namba safi, haijavuka mpaka, unaipigia mistari miwili unasonga mbele. Jibu sahihi ni 0.94! Unaona tofauti ni ndogo? Elektroni ya 0.97 ina nishati mwendo ya MeV 1.6, siyo 1. Mimi sikurudi kukagua. Kwenye swali langu la mtihani vipengele (b), (c) na (d) vyote vilisimama juu ya (a), vikaporomoka kwa pamoja, nikala sapu wenzangu wakila likizo. Mwandiko lakini ulikuwa mzuri, hilo hakuna anayebisha.

Aliyeniingiza mkenge ni ticha mmoja wa tuisheni, muuza madesa: "Masi hupanda na kasi, ibadilishe tu kwenye fomula zote za Newton." Zote! Kwenye momenta inakubali, ndiyo maana unamwamini. Kwenye nishati mwendo inakuchinja. Einstein mwenyewe aliandika katika barua ya mwaka 1948 kwamba si vizuri kuingiza dhana ya masi inayokua na kasi, heri ibaki ile ya chembe iliyotulia. Inaelekea barua haikumfikia ticha.

Kwa hiyo shika hili: m HAIGUSWI. Itulie, ikimbie, ni 0.511 ileile. Protoni za LHC, ule mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe, zimeshafikishwa TeV 6.8 (TeV 1 ni MeV milioni) na masi ya kila moja bado ni MeV 938. Andika E² = (pc)² + (mc²)² kabla ya kitu chochote: E ni nishati yote, p ni momenta, c ni kasi ya mwanga. E ni nishati mwendo jumlisha mc²: 1 + 0.511 = 1.511. Toa (mc²)² kwenye E², tafuta kipeuo, pc inakuwa 1.422. Gawanya kwa E: 0.941 ya kasi ya mwanga. Umemaliza, na hakuna nusu popote.

Fotoni: m = 0, basi E = pc. Twende.

Bandika (a) yako hapa kabla hujagusa (b). Nikiona ½ humo ndani nakuripoti kwa mods.