Lahani ya Kaizari katika kwarteti ya Haydn
Ndugu uliyeuliza kwa nini sehemu ya pili ya kwarteti (muziki wa ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola na chelo) ya mtunzi Joseph Haydn, Opus 76 namba 3, inafanana na wimbo wa taifa wa Ujerumani, hukukosea kusikia. Lahani, yaani tuni, ni ile ile: Haydn aliitunga mwaka 1797 kwa heshima ya Kaizari Franz wa Pili, aliyetawala Austria, akaitumia tena katika kwarteti hii, na Ujerumani ikaifanya wimbo wa taifa mwaka 1922. Kinachonivutia zaidi ni muundo, kwani katika mageuzi manne (marudio ya lahani, kila moja kwa namna tofauti) yanayofuata baada ya kupigwa mara ya kwanza, lahani yenyewe karibu haiguswi, bali hupokezanwa na fidla ya pili, chelo, viola, kisha fidla ya kwanza, huku ala nyingine zikiipamba. Katika geuzi la kwanza husikika fidla mbili tu.