Mitambo ya upepo ikibisha hodi kijijini

Mwaka 2015 nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele Kinangop, kaunti ya Nyandarua hapa Kenya, kupinga umeme wa upepo. Mradi wa megawati 60 ulitaka kusimamisha mitambo 38 katikati ya mashamba yetu ya viazi, na uvumi ulizagaa: ng'ombe watakauka maziwa, wanawake watakuwa tasa. Mimi niliamini nusu. Maandamano yakachacha, damu ikamwagika, na mwaka uliofuata mradi ukafutwa.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Kajiado kununua mbuzi, nikapitia mradi wa upepo wa Kipeto. Mitambo 60, megawati 100, inauza umeme tangu 2021. Mbuzi walikuwa wamejilaza kwenye kivuli cha mnara. Mzee mwenyeji wangu aliniambia hajauza hata kipande cha ardhi. Amekodisha tu, na malisho ni yale yale. Kiangazi kikiua mifugo, kodi ya upepo bado inaingia. Siku hiyo nilirudi nyumbani kimya.

Kwa hiyo wawekezaji wa upepo wakija kwenu, msiwafukuze, ila msitie sahihi siku ya kwanza. Ulizeni kodi inahesabiwaje: kwa mtambo, kwa ekari, au kwa asilimia ya mauzo ya umeme? Mkataba wa aina hii huenda miaka 20 na zaidi, na shilingi ya leo haitanunua kitu wakati huo. Mimi ningeng'ang'ania asilimia.

Ardhi ikiwa ya jamii, isajilini kwanza chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, mradi mkubwa wa upepo wa mitambo 365 ulileta barabara ya kilomita 200 hivi kutoka Laisamis, jambo lililosubiriwa miaka na mikaka. Lakini 2021 mahakama ya Meru ilisema hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha sheria.

Kazi? Nyingi ni za ujenzi. Zikiisha wanabaki walinzi na mafundi wachache. Dai vijana wenu wasomeshwe ufundi mapema. Na usidhani mtambo ulio nyuma ya nyumba utakuwashia taa: umeme unakwenda gridi ya taifa, hivyo kuunganishiwa kijiji kuandikwe kwenye mkataba.

Kabla ya baraza la pili, changeni nauli mtume watu watano, kina mama wakiwemo, wakalale usiku mmoja karibu na mitambo inayofanya kazi, wasikie mlio wake wenyewe. Sisi Kinangop hatukuchanga hata ya mtu mmoja.