Barua kwa mwanangu: janoi ya mjukuu

Mwanangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa mkeo na kwa watoto. Umeniuliza kama mjukuu wangu avishwe janoi, uzi wetu mtakatifu wa Kihindu, mwaka huu akitimiza miaka minane, au asubiri akue kidogo. Vitabu vya kale vinasema minane kwa Wabrahmini, tabaka la makuhani, 11 kwa Wakshatriya, wale wa vita, 12 kwa Wavaishya, wale wa biashara. Siku hizi wengi huvishwa karibu na harusi, gharama ziwe za mara moja. Basi, la umri limekwisha.

Lakini uzi bila kusoma ni pamba tu. Nimekwambia hivyo tangu ukiwa mdogo. Nyuzi tatu, fundo moja, bega la kushoto kupita chini ya mkono wa kulia, hata mimi naweza kuusokota. Kiini ni ile sala ya Gayatri anayonong'onezwa mtoto chini ya shuka, mstari wa Rigveda, mojawapo ya Veda, vitabu vyetu vitakatifu, wa kuliomba jua liamshe akili zetu. Zamani siku ile ndiyo mtoto alikabidhiwa kwa mwalimu.

Nakumbuka janoi ya mjomba wako, pale kwetu Kisutu. Kipara kinang'aa, manjano mpaka masikioni, dhoti inamburuza, fimbo mkononi, akatoka mbio eti anakwenda Kashi, mji mtakatifu wa India, kusoma! Mjomba wetu akamdaka mlangoni, akamrudisha amembeba begani, nyumba nzima vicheko. Alipokuja kuomba sadaka, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, mama alikuwa wa kwanza kumtilia mchele. Nilifurahi kuliko yeye.

Jioni maharaj, yule kuhani, akamsomesha Gayatri. Kila akifika "varenyam" anakwama. Mimi nilikuwa nafagia mchele uliomwagika, nikaimalizia mpaka "prachodayat", bila kukosea hata herufi. Maharaj akanyamaza, kisha akamwambia baba, wala si mimi: janoi ya binti ni ndoa. Baba akaniamuru niupeleke ufagio jikoni.

Nimeolewa, nimezaa, nimekuwa bibi, na neno lile bado linanichoma.

Maharaj hakulitunga, ni la Manu, mtunga sheria wa kale. Lakini Harita naye, katika vitabu hivyo hivyo vya sheria, anawataja wanawake waliovishwa uzi na kusoma Veda. Arya Samaj, chama cha Wahindu wa mageuzi, ambao wako Nairobi tangu 1903, huwavisha wasichana pia. Na Gandhi, uzi wake ulipokatika, hakuvaa mwingine. Aliuliza, kama Washudra, tabaka la chini, wamekatazwa, sisi wengine tuna haki gani ya kuuvaa?

Sasa ndiyo tuuache? Hapana. Siku yako wewe, uliponijia na kibakuli chako ukaniomba kwa sauti ya kutetemeka, nilikutilia mchele huku machozi yananitoka, na siku ile siibadilishi kwa chochote. Lakini nikisema hivyo namwona binti yako amesimama pembeni kashika sinia, roho inanigeuka. Kisha tena nasema, kosa si la uzi, ni la waliouwekea mipaka. Uzi bila kusoma ni pamba tu, na kusoma hakuchagui mtoto.

Uamuzi ni wenu, wewe na mkeo. Ninajizuia kwa taabu, unanijua. Mkiamua, mwarifuni shemeji yako mapema, maana kumbeba mtoto ni kazi ya mjomba wake.

Ila habari za dada yake hukuniuliza. Nikija Leicester nitawakalisha wote wawili kila asubuhi kabla ya chai, niwafundishe Gayatri. Kwa hilo siombi ruhusa.

Mama yako