Kabla ya kufunga sola, anza na nyaya za nyumba

Kama nyumba yenu ni ya zamani na mnajipanga kufunga sola, fedha ya kwanza iende kwa fundi umeme wa kukagua nyaya, kisha ndiyo mzungumze na muuza paneli. Nasema hivi baada ya kusimamia kazi hiyo kwenye nyumba ya wazazi wangu Ngamiani, Tanga, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuongezwa vyumba kadiri familia ilivyokua. Kampuni ya kwanza iliyokuja kutupa makadirio ilipima paa, ikauliza tuna friji ngapi na pampu ya ukubwa gani, ikaandika bei. Hakuna aliyefungua hata swichi moja. Mama akawauliza, "Na hizi nyaya za tangu enzi ya baba yao, wanangu?" Wakamjibu kwamba inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, ni ya kisasa, inalinda kila kitu.

Haiko hivyo, na watu wengi wanauziwa maneno hayo.

Umeme wa gridi, yaani wa TANESCO, una nguvu kubwa nyuma yake. Nyaya zikipiga shoti, mamia ya ampea hupita kwa mpigo na breka inaruka hapo hapo. Inveta ya kilowati 5 kwa kawaida inatoa ampea kama 22, na hata ikijikaza kwa sekunde chache haifiki mbali. Breka ya ampea 16 ya aina C, ili iruke papo hapo, inataka mkondo wa mara tano hadi kumi ya kiwango chake, yaani ampea 80 hadi 160. Kwa hiyo shoti ikitokea usiku mnapotumia betri, inveta inajizima, nyumba yote inaingia gizani, na ukienda kwenye breka unakuta hakuna iliyoruka. Hujui tatizo liko chumba gani. Nyumbani kwenye nyaya nzima jambo hilo ni nadra. Kwenye nyaya zilizochoka litawasumbua kila mvua ikinyesha.

Jaribio moja unaweza kulifanya mwenyewe leo, bila kufungua kitu. Zima taa zote, chomoa kila kifaa kwenye soketi, friji na chaja za simu pia, lakini breka ziache zimewashwa. Nenda ukaangalie kitaa cha mita ya LUKU kinachomweka umeme unapotumika. Kikiendelea kumweka, hata polepole, kuna umeme unaokwenda mahali usipopajua. Upotevu wa wati 50 ni mdogo, mtu anaweza kuishi nao miaka akiamini kwamba yuniti "zinaisha haraka tu". Lakini wati 50 kwa saa 24 ni yuniti 1.2. Betri ya yuniti 5 inapoteza karibu robo yake kila siku kabla hujawasha hata feni.

Sisi tulipofungua swichi ya ukumbini ndipo tulipoelewa tuna kazi gani. Nyaya za awali zilikuwa na ganda la mpira lililofunikwa kwa kitambaa, sio plastiki ya PVC tunayoijua. Kwa nje zilionekana nzima. Fundi alipouvuta waya mmoja kwa koleo ili apate nafasi ya kukata, ganda lilipasuka na kumwagika mkononi mwake kama makombo ya mkate mkavu, shaba ikabaki wazi ndani ya ukuta. Alisimamisha kazi akasema waya wa namna ile haurekebishwi, haufungwi tepu, unatolewa wote. Nakubaliana naye kabisa. Mpira ukishakauka, kila unapougusa unaongeza ufa mwingine mahali usipoona.

Vyumba vilivyoongezwa baadaye vilikuwa na PVC, na huko shida ilikuwa rangi. Kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza, nyekundu ni laivu (waya unaoleta umeme) na nyeusi ni nyutro (unaourudisha). Nyaya za sasa ni kahawia kwa laivu na bluu kwa nyutro, na ethi, waya wa kwenda ardhini, ni kijani chenye mstari wa njano. Nyumba iliyopitiwa na mafundi wa nyakati tofauti inakuwa na zote mbili, pamoja na rangi yoyote aliyokuwa nayo fundi mkononi siku hiyo. Chumba kimoja kwetu laivu ilikuwa ya kijani. Sasa ongeza sola juu yake: upande wa paneli na betri, nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Mtu wa sola akikuta waya mweusi ukutani asije akaukisia. Kila waya upimwe kwa mita na uwekwe alama kabla hajafika.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni nyutro za kuazima. Nyumba nyingi za zamani taa ya veranda, kwa mfano, inachukua laivu kwenye breka ya taa lakini nyutro yake imeungwa kwenye nyutro ya soketi za chumba cha pembeni, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kwa umeme wa chanzo kimoja mtu hatambui. Lakini ukifunga sola kwa kawaida unagawa nyumba mara mbili: taa, friji, feni na televisheni vinahamia kwenye inveta, huku jiko la umeme, pasi na hita ya maji vinabaki gridi. Hapo nyutro ya kuazima inakuwa hatari. Umeme unatoka upande wa inveta na kurudi upande wa gridi. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile chenye kitufe cha majaribio na maandishi ya miliampea 30, kinahesabu unaokwenda na unaorudi. Kikiona havilingani kinakata. Kitaruka kila ukiwasha taa hiyo. Na fundi mvivu atakachofanya ni kukiondoa, akwambie ni kibovu. Usikubali. Kifaa hicho ndicho kinachomwokoa mtoto aliyeshika friji inayovuja umeme. Kikiruka mara kwa mara, kosa liko kwenye nyaya na lazima litafutwe.

Kwetu, kuzitafuta nyutro hizo kulikula muda kuliko kazi nyingine yoyote: unazitenganisha zote kwenye boksi la breka, unawasha sakiti moja moja, unaangalia kipi kimekataa kuwaka na kipi kimewaka bila kutarajiwa. Ni kazi ya subira, na ni haki ya fundi kuilipisha.

Waya unaotoka kwenye mita kuja ndani nao uangaliwe unene. Watu hudhani sola inaupunguzia mzigo. Mchana ni kweli. Lakini umeme wa gridi ukirudi baada ya kukatika usiku, inveta ya mchanganyiko, ile inayotumia sola, betri na gridi pamoja, inalisha nyumba na kuchaji betri kwa wakati mmoja. Kuchaji betri ya volti 48 kwa ampea 60 ni karibu kilowati 3, yaani ampea 13 za ziada upande wa gridi, juu ya friji, pampu na kila kilichowashwa. Mein swichi ya zamani yenye fyuzi za waya, tena ile ambayo mtu alishawahi kuweka waya mnene ili "isikatikekatike", haifai kupokea mzigo huo. Tulibadilisha yote kuanzia mita hadi kwenye boksi jipya la breka, na kwenye inveta tukashusha kiwango cha kuchaji kwa gridi. Mpangilio huo upo kwenye menyu ya inveta nyingi. Mwambie fundi akuonyeshe.

Ethi pia. Pwani chumvi na unyevu vinakula kila kiungo, na kibanio cha nondo ya ethi kilichofukiwa miongo kadhaa iliyopita huenda hakijashikilia chochote. Upimwe ukinzani wake kwa mashine, maana kuuona waya wa kijani ukiingia ardhini hakuthibitishi kitu. Ethi hiyo hiyo ndiyo itakayofungwa kwenye fremu za paneli, na ikiwa haifanyi kazi, bati lote linaweza kuwa na umeme.

Kuhusu kununua nyaya: milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na zaidi kwa jiko na hita kadiri ya mzigo na umbali. Madukani kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu. Kwangua ncha kwa kisu dukani kabla hujalipa. Ndani ukiona weupe, rudisha. Roli la shaba halisi ni zito, utalitambua mkononi. Na upande wa paneli msitumie breka za kawaida za nyumbani. Umeme wa gridi wa hezi 50 unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche ya breka inapofunguka inapata nafasi ya kufa. Umeme wa paneli haupiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka na breka inaungua. Zipo breka zilizotengenezwa kwa umeme huo, ziulizieni kwa jina la breka za DC.

Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na akuonyeshe. Baada ya kumaliza, kabla sola haijaunganishwa, apige mega (mashine ya kupima kama ganda la nyaya linazuia umeme) kila sakiti kwa volti 500 na akuandikie namba. Chini ya megaohmu 1, sakiti hiyo haijapona.

Malipo ya mwisho kwa watu wa sola yasitoke mpaka wajaribu mfumo gridi ikiwa imezimwa. Nyutro ya gridi imeunganishwa na ardhi kule kwenye transfoma. Inveta ikijitenga na gridi, nyutro ya nyumba inaweza kubaki inaelea, bila kuungana na ardhi, na kile kifaa cha miliampea 30 hakitaona mtu akipigwa na umeme. Inveta nyingine zina swichi ya ndani inayoiunganisha nyutro na ethi wakati huo, nyingine zinataka ziwekewe. Kubonyeza kitufe cha majaribio hakutoshi, kwa sababu kitufe kinafanya kazi hata kama ethi haipo. Fundi achomeke kifaa cha kupimia kwenye soketi, avujishe umeme kidogo kutoka laivu kwenda ethi huku nyumba ikitumia betri, na wewe ukiwa umesimama pale. Kile kifaa cha miliampea 30 kikikata, walipe watu wa sola.