Maswali ya madereva: pedali ikitetemeka, usiondoe mguu

Jana mvua ikinyesha nilikanyaga breki kwa nguvu nikikaribia Daraja la Nyali. Pedali ikanitetemekea mguuni na chini pakasikika mkwaruzo. Nikashtuka nikaachilia. Gari langu bovu? (Mama wa Kisauni)

Gari lako zima, dada. Hiyo ni ABS ilikuwa kazini, yaani mfumo wa breki unaozuia magurudumu kufunga (kuacha kuzunguka). Kila gurudumu lina sensa inayopima kasi ya mzunguko wake. Gurudumu likitaka kufunga ilhali gari bado linakwenda, kompyuta hupunguza presha ya mafuta ya breki kwenye gurudumu hilo. Likianza tena kuzunguka vizuri, presha hurudishwa. Hayo hutokea mara nyingi ndani ya sekunde moja, na ule mtetemo ni valvu na pampu zikihangaika.

Faida yake kubwa wengi hawaijui. Tairi lililofunga halisikii usukani. Zungusha utakavyo, gari litateleza kulekule lilikokuwa likielekea. Basi fikiria uko Changamwe, lori la kontena limesimama ghafla mbele yako na kando kuna nafasi ya kupita. Bila ABS unaligonga huku usukani umeukata wote. Ukiwa nayo, unakanyaga mpaka mwisho, unashikilia, na bado unaweza kulikwepa. Ukiondoa mguu kwa sababu ya mtetemo, gari linaendelea na safari yake.

Mimi nilifunzwa kupampu breki barabara ikiwa na maji. Niendelee? (Mzee wa Majengo)

Shikamoo mzee. Kwa gari la zamani lisilo na ABS, endelea. Kwa lenye ABS, acha kabisa: mashine inapampu upesi kuliko mguu wa binadamu yeyote.

Shemeji yangu ana gari la Japani lenye ABS na anasema sasa hana haja ya kuachia nafasi gari la mbele. Ni kweli? (Bamburi)

Shemeji yako atakuja kulipa taa za watu. Kwenye lami yenye maji ABS kwa kawaida hufupisha kidogo masafa ya kusimama. Kwenye mchanga au kokoto huenda ikayarefusha, maana tairi lililofunga huchimba na kurundika mchanga mbele yake, ilhali linalozunguka hupita juu. Na njia za ndani huko kwenu Bamburi unazijua zilivyo. Isitoshe, ukienda kwa spidi maradufu, masafa ya breki huwa takriban mara nne, ABS iwepo isiwepo. Na tairi kipara halipewi meno na kompyuta.

Hata Ujerumani walionja haya. Watafiti walilinganisha teksi za Munich zenye ABS na zisizo nayo, wakakuta ajali hazikupungua kama walivyotarajia. Wenye ABS walikuwa wakiendesha kwa pupa zaidi.

Taa ya njano ya ABS haizimiki. Fundi ataka kuitoa balbu "isinisumbue". (Tudor)

Mtafute fundi mwingine. Taa hiyo ikiwaka peke yake, breki za kawaida kwa kawaida zipo, ila kinga ya magurudumu kufunga huna. Mara nyingi tatizo ni sensa iliyochafuka, waya uliokatika au pete ya sensa iliyoliwa na kutu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma na vyuma. Fundi aunganishe mashine ya kusoma hitilafu ajue ni gurudumu lipi, kabla hajakuuzia kifaa usichohitaji. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja nayo, usiendeshe. Egesha, angalia mafuta ya breki, mwite fundi.

Na mnaonunua magari yaliyotumika: fungua swichi kabla ya kuwasha injini. Taa ya ABS iwake, kisha izime baada ya muda mfupi. Isipowaka kamwe, huenda kuna mtu ameshaing'oa balbu. Muulize muuzaji, na umtazame usoni akijibu.

Boda yangu ina ABS? (Likoni)

Pengine haina, nyingi za hapa hazina. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa pikipiki mpya zenye injini zaidi ya cc 125 (ukubwa wa injini), kuanzia 2016. Chungulia kando ya diski ya mbele: ukiona pete ndogo yenye matundu na waya wa sensa, unayo. Usipoiona, tumia breki zote mbili, ya mbele uifinye kwa kuongeza polepole, na umalize kupunguza spidi kabla hujalaza pikipiki kwenye kona.